Zizi la Kisyeri Ndani ya Kompyuta

Kisyeri hakuwa mwizi. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu kinyume chake kimesemwa sokoni Mugumu, kikasemwa stendi ya Tarime, na kikasemwa Genkuru alikozaliwa, tena na watu waliokunywa chai nyumbani kwake. Hakuwahi kufungua akaunti ya mtu. Hakuwahi kuchukua jina la mtu wala neno la siri la mtu. Alihojiwa polisi mara moja, kwa saa mbili, na waliomhoji wakamwambia arudi nyumbani akale chakula chake cha mchana. Alirudi, akala. Na hakunywa sumu. Alikufa kwa presha, hospitalini, jua likiwa juu, mke wake ameketi kando ya kitanda. Cheti kipo kabatini kwa yeyote anayetaka kukisoma, ingawa wanaoeneza maneno hawajawahi kuja kukiomba.

Mke huyo ni Mwalimu Lilian. Amefundisha jiografia sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, ana shahada ya chuo kikuu, na Mugumu nzima wanaujua mwendo wake: shingo imenyooka, mkoba umebanwa kwapani, salamu fupi. Watu husema ana maringo. Yeye husema amejiheshimu. Kwa muda mrefu aliamini kwamba mtu akijiheshimu vya kutosha, jina lake na la watu wake haliwezi kuguswa.

Mume wake alikuwa mtu wa namna nyingine. Kisyeri alikuwa mpole, mwenye vidole virefu na macho ya kufinya, mtoto wa pili wa mzee mwenye ng'ombe wengi pale Genkuru. Kaka yake, Kornelio, alirithi mji na malisho. Kisyeri alikwenda Musoma kujifunza kupiga chapa, kwanza kwa mashine za zamani zenye kelele, baadaye kwa kompyuta, na mwisho akaajiriwa katika duka la steshenari la Hamim, karibu na soko la Mugumu. Alikaa hapo miaka kumi na moja. Alichapa barua za maombi, ratiba za mazishi, kadi za michango ya harusi, risala za kumuaga mwalimu mkuu. Alijazia watu fomu za ajira mtandaoni. Akikuta kosa kwenye barua ya mteja alilisahihisha bila kusema, asimwaibishe mtu.

Ng'ombe alikuwa nao kumi na wanne, wakichungwa Genkuru pamoja na wa kaka yake. Mwanawe Joel alipotaka kuoa, wazazi wa mchumba wake, Mokami, walitaja idadi ya ng'ombe wa mahari, wakaombwa wapunguze, wakapunguza mmoja. Ikabidi Kisyeri awatoe kumi na wanne wote. Siku walipoondoka alisimama mlangoni mwa zizi akiwataja kwa rangi zao mpaka wa mwisho alipopinda kona ya mto.

Kornelio alimtania mbele za watu, "Sasa mdogo wangu, mwanaume wa Kikurya asiye na zizi ana nini?"

"Ana kompyuta," Kisyeri akajibu.

Watu walicheka sana. Hata Mwalimu Lilian alicheka kidogo, kwa kuficha mdomo.

Lakini Kisyeri hakuwa anatania. Kompyuta ya mezani ina mavazi yake. Dirisha linalofunguka lina paji la juu lenye rangi, lina ukingo, lina vitufe vya kubonyeza, lina mstari wa pembeni wa kupanda na kushuka. Wenye kujua huyaita mavazi hayo mandhari, na mtu mwenye subira anaweza kujishonea yake mwenyewe. Kisyeri alikuwa na subira. Jioni za siku za kazi, wateja wakiisha, alianza kushona. Mandhari ya kwanza aliiita Paji, jina la ng'ombe jike mwekundu mwenye alama nyeupe usoni: sehemu ya juu ya dirisha ilikuwa na wekundu wa udongo, na katikati, pale jina linapoandikwa, palikuwa na weupe. Ya pili ilikuwa Kijivu, yenye ukingo wa rangi ya majivu ya jana. Madoa alimtesa miezi mitatu, maana kila alipoyaweka yale madoa yalimeza maandishi. Mwaka wa pili ulipoisha alikuwa amefikisha kumi na tatu. Wa kumi na nne, fahali mweusi, alisema atamwacha mwisho kwa sababu weusi ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Mandhari hizo hazikuwahi kuvaliwa na mashine hata mara moja. Hapo ndipo penye habari yote, na msomaji apaelewe vizuri. Kompyuta hukataa mavazi ambayo haikupewa na walioitengeneza. Ukitaka kuilazimisha, lazima ubadilishe mafaili fulani ya ndani kabisa, na ukikosea, mashine haiwaki tena. Kisyeri aliwahi kuua moja ya Hamim kwa njia hiyo, mwaka wa kwanza, akaapa. Tangu hapo alitumia programu ndogo, nyepesi, aliyoipakua siku moja bando lilipokuwa zuri. Kazi yake ilikuwa moja tu. Ukiifungua inakuonyesha dirisha la mfano. Unachagua mandhari, na lile dirisha la mfano linaivaa mbele yako. Unaona vitufe vyake, kingo zake, herufi zake, halafu unafunga, na mashine inabaki kama ilivyokuwa. Ni sawa na fundi cherehani anayemvalisha gauni sanamu ya dukani kabla mwenye gauni hajafika.

Dirisha hilo la mfano lilikuja na maneno ya Kiingereza. Kisyeri aliyaondoa akaweka ya Kiswahili, kwa kuwa alisema ng'ombe wa Genkuru hawezi kuitwa kwa Kiingereza. Akaandika *Jina lako*. Chini yake *Neno la siri*, apate kuona kama vile vidoto vinavyoficha maandishi vinaonekana juu ya rangi. Chini kabisa vitufe viwili, *Sawa* na *Acha*. Havikuwa vimeunganishwa na kitu chochote. Ungebonyeza mpaka kidole kichoke.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alizifungua moja baada ya nyingine: Paji, Kijivu, Madoa, Kahawia wa Mto, mpaka zote kumi na tatu. Hamim, huku akifagia kizingiti, alikuwa akimuuliza, "Mzee Kisyeri, umeshawatoa malishoni?"

"Bado mmoja, Hamim. Madoa ameingia shamba la watu."

Mara moja tu alimwita mke wake aje kuona. Mwalimu Lilian alisimama nyuma ya kiti chake, mkoba kwapani, akawaangalia ng'ombe watano wakipita juu ya kioo, akasema, "Baba Joel, hivi ni vitu vya mtu mzima?" Kisyeri akafunga ile programu taratibu, akasema hapana, ni vitu vya kupitishia muda. Mwalimu Lilian amewasahihisha wanafunzi maelfu katika maisha yake na hakumbuki hata mmoja aliyemsahihisha vibaya kama siku ile.

Kisha akaja Simioni.

Simioni ni mtoto wa baba mdogo wa Kisyeri, mtu wa Genkuru pia, mwenye sauti kubwa na pikipiki mbili. Alifika steshenari asubuhi mapema na binti yake, wajaze maombi ya ajira, na alikuta zizi bado liko wazi.

"Hii ni ya serikali?" akauliza, akielekeza ufunguo wa pikipiki kwenye kioo.

"Hapana, ni ya kwangu," Kisyeri alisema. "Naitazama tu."

"Ya kwako? Watu wanaandika majina humu?"

"Hakuna anayeandika. Ni ya kutazama."

"Sasa dirisha la kutazama linataka neno la siri la nini?"

Kisyeri alicheka, maana alidhani ni utani wa ndugu. Hakueleza. Angeeleza pale pale, kwa dakika tano, mengi yasingetokea. Lakini kueleza kungekuwa kumwambia Simioni kwamba anachunga ng'ombe ndani ya kompyuta, na Simioni angelipeleka hilo Genkuru kabla ya jua kuzama. Akafunga, akafungua ukurasa wa ajira, akamjazia binti fomu yake vizuri, herufi kwa herufi.

Mwezi uliofuata akaunti ya yule binti ilikataa kufunguka. Majina ya walioitwa kwenye usaili yalipotoka, lake halikuwemo. Huenda alisahau neno lake la siri. Huenda alikosa sifa. Simioni hakutaka huenda yoyote. Alikumbuka lile dirisha. Akasema Kisyeri ana madirisha ya uongo, yanayofanana na ya kweli, yenye rangi za kuvutia macho, ya kunasia majina na siri za watoto wa watu, halafu anawauzia nafasi wengine. Mtu mwingine akakumbuka kwamba naye aliliona. Wa tatu hakuwa ameliona, lakini alikuwa na mtoto aliyekosa kazi.

Alihojiwa, akaachiwa. Haya yameshasemwa. Ila baada ya hapo wateja waliingia dukani wakimpita kama meza. "Hamim, naomba unijazie wewe mwenyewe." "Hamim, nitasubiri ukimaliza." Hamim hakumfukuza, na heshima hiyo apewe. Ni Kisyeri aliyesema siku moja kwamba macho yake yamechoka. Hamim akampa kwa kumuaga ile kompyuta ya zamani aliyokuwa akiitumia, CPU na kioo chake, akamsindikiza hadi kwenye bajaji akiwa ameubeba ule mzigo mwenyewe.

Nyumbani aliiweka sebuleni, kwenye kona, juu ya meza ya kusahihishia ya mke wake. Kila asubuhi aliwafungulia ng'ombe wake, na sasa Mwalimu Lilian alikuwa akimletea chai na kukaa. Fahali mweusi hakukamilika. Katikati ya masika Kisyeri alishikwa na kichwa, akapelekwa hospitali, akafa siku ya pili.

Mwaka ulipopita, Mokami akajifungua mtoto wa kiume huko Genkuru.

Katika ukoo wao mjukuu wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake aliyetangulia. Jina likipita hivyo, marehemu anaendelea kuitwa pale uani: anatumwa maji, anakemewa, anaambiwa aje ale. Likirukwa, linakaa bila mtu, na wanaolikumbuka wanapungua mmoja mmoja. Mwalimu Lilian, pamoja na shahada yake, alikuwa akilingoja jambo hili kuliko alivyowahi kungoja kitu kingine. Lakini Kornelio alimpigia simu.

"Shemeji, wazee wamekaa. Wanasema hawawezi kumwekea mtoto jina lenye doa."

"Doa gani, shemeji?"

"Unalijua."

"Silijui. Nitajie."

Kornelio akapumua kwenye simu. "Wewe ni msomi, Mwalimu. Kama una la kuonyesha, lilete. Jumamosi tunaliweka jina."

Mwalimu Lilian akaamua kuipeleka mashine yenyewe. Wangeona kwa macho yao kwamba mule ndani hakuna wizi, mna ng'ombe. Na kwa kuwa hajawahi kwenda mbele za watu na kitu kichafu, Jumatano aliipeleka kwa Hamim.

"Nataka ipendeze," alimwambia. "Ipulizwe vumbi, na hayo mengine yote ya ndani yawekwe sawa."

Hamim alikaa nayo siku nzima. Jioni alimwambia, "Mwalimu, nimeipulizia, nimeiunga mtandaoni, nimeipiga apdeti zote, yale masasisho ya mtandaoni, ilikuwa haijapata za miaka mitatu. Sasa ni kama mpya."

Mwalimu Lilian aliirudisha nyumbani ameridhika, kama mtu aliyetoka kupiga pasi suti ya marehemu. Alichukua pia daftari la Kisyeri, lenye jalada la kijani, ambamo alikuwa ameandika kazi zake zote. Alikuwa ameshalisoma lote. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wa karani, palikuwa na maneno haya: *Tazama tu. Usivalishe. Hasa usivalishe mashine iliyopata apdeti, haitaamka.* Alikuwa ameyasoma, na alikuwa ameyaelewa.

Jumamosi akapanda gari la kukodi, kioo kimefungwa blanketi na CPU ameipakata magotini, akafika Genkuru saa nne asubuhi. Sebule ya Kornelio ilikuwa imejaa wazee. Joel alimpokea mama yake, akachomeka nyaya. Alikuwa amekonda. Anafanya kazi na wakandarasi wanaohudumia mgodi, na huko nako maneno yalikuwa yamemfikia. Kuna aliyemuuliza mbele za wenzake kama neno la siri la simu yake ni salama. Mokami aliketi mlangoni na mtoto, nusu ndani, nusu nje.

"Shikamooni," Mwalimu Lilian akasema.

"Marahaba, Mwalimu. Haya, tuonyeshe huo mtego," Simioni alisema, na watu wawili watatu wakaguna kwa kicheko.

Akaifungua ile programu ndogo. Alikuwa amejizoeza wiki nzima. Akamleta Paji, na kwa kitambo kidogo kila kitu kilikwenda vizuri. Mzee mmoja alisogea akasema, "Huyu si yule jike mwekundu? Yule aliyezaa mapacha?" Mwalimu Lilian akasema ndiye. Akamleta Kijivu, wakamtambua. Akamleta Madoa, Kornelio mwenyewe akatabasamu na kusema huyo alikuwa mwizi wa mahindi. Mwalimu Lilian alihisi jina limeshafika mlangoni, limebaki kuingia.

"Ngoja," Simioni akasema. "Hapo pameandikwa nini?"

"Jina lako. Neno la siri."

"Mmesikia wenyewe. Mura, kijana wangu," akamgeukia Joel, "bonyeza hapo penye Sawa."

Joel akabonyeza. Hakuna kilichotokea.

"Bonyeza Acha."

Hakuna kilichotokea.

"Unaona basi! Mtu anaandika jina lake, anaandika siri yake, anabonyeza, kimya. Imekwenda wapi? Nani amebaki nayo?"

"Haiendi popote," Mwalimu Lilian alisema. "Hili ni dirisha la mfano. Si dirisha la kweli."

"Si la kweli!"

"Namaanisha ni la kuonyeshea tu. Ni kama—"

"Mwalimu," Kornelio alisema polepole, naye hakuwa anatabasamu tena, "umesema si la kweli. Ni neno lako mbele ya wazee."

Ni hapo Mwalimu Lilian alipokosea, na hakuna anayepaswa kulibeba kosa hilo isipokuwa yeye. Angeweza kukaa chini, akanywa maji, akaanza upya na ile habari ya fundi cherehani. Lakini Simioni alikuwa anacheka, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyewahi kumcheka mbele ya ubao.

"Nitaivalisha mashine yenyewe," akasema. "Madirisha yote, ya kweli, vitufe vinavyofanya kazi. Mtaona ni rangi tu."

Joel akamshika mkono. "Mama, baba aliandika usivalishe."

"Najua alichoandika. Nisomee hatua."

"Mama."

"Joel. Nisomee."

Akamsomea. Kisyeri alikuwa ameziandika hatua zote, kwa ajili ya siku ambayo hakuthubutu tena kuijaribu. Mwalimu Lilian alizifuata moja moja, akabadilisha yale mafaili ya ndani, akamchagua Paji, akaizima mashine na kuiwasha tena ili iamke imevaa. Ikaunguruma. Kioo kikawa cheusi. Kwenye kona ya juu kukawa na kistari kidogo cheupe kinachowaka na kuzima.

Walingoja. Mtoto alilia, akanyonyeshwa, akalala.

"Huyu ndiye yule fahali mweusi?" Simioni akauliza.

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kornelio aliinuka, akasema mtoto ataitwa Mseti, jina la baba yao yeye na Kisyeri, jina zuri lisilo na maneno. Wazee wakaitikia. Wakatoka nje walikowekewa uji.

Joel alichukua CPU Jumatatu, akaipeleka Tarime kwa fundi, maana Kornelio alisema ni aibu kuacha mashine imekufa ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga. Alimletea mama yake Mugumu siku ya Alhamisi. Ilikuwa inawaka vizuri sana. Ilikuwa na ile rangi ya buluu ya kutoka kiwandani, na mafolda matupu. Mwalimu Lilian aliitafuta ile programu ndogo. Akamtafuta Paji, Kijivu, Madoa. Akatafuta jina moja moja la wale kumi na tatu, akiandika kwa uangalifu kwenye kisanduku cha kutafutia, na kila mara mashine ilimjibu kwamba hakuna kitu cha namna hiyo. Kisyeri hakuwahi kuweka nakala kwenye flashi. Hakudhani kuna mtu atakayezitaka.

Joel alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Ilibidi fundi apige programu upya, mama. Inafuta kila kitu."

"Chai ipo," mama yake alimwambia. "Kaa unywe."

Akakaa, akanywa. Alipoondoka, Mwalimu Lilian aliitafuta risiti aliyoiacha mezani, akampigia yule fundi. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mama, mimi kila mteja namuuliza kabla sijaifuta: kuna kitu cha kuhifadhi? Disiki ilikuwa nzima, ningeweza kuvitoa vyote kwa dakika ishirini. Siwezi kufuta bila kuuliza, naogopa lawama."

"Na ulipomuuliza mwanangu alikujibu nini?"

Fundi akamwambia. Mwalimu Lilian akamshukuru, akakata simu, akaikunja ile risiti mara nne na kuiweka kabatini, chini ya cheti cha kifo.

Mwezi huo huo Mokami alikuja Mugumu kliniki, akalala kwa mama mkwe. Asubuhi, akimfunga mtoto mgongoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, tukiwa peke yetu hapa ndani, nimwite nani?"

Mtoto alikuwa na vidole virefu. Mwalimu Lilian aliviona, akaangalia pembeni.

"Mwite jina alilopewa," akasema. "Mtoto hawezi kuwa na jina la sebuleni na jina la uani."

Maneno hayakuisha, yalihama tu. Sasa inasemwa kwamba ni yeye Mwalimu aliyeamuru mashine ifutwe, apoteze ushahidi, kwa kuwa alijua yaliyokuwemo. Kornelio, ambaye si mtu mbaya, alisafiri hadi Mugumu kumweleza hivyo ana kwa ana. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia Kisyeri, mbele ya ile meza. Juu ya meza palikuwa na kitambaa kilichofumwa na hakuna kingine.

"Shemeji, nipe la kuwajibu. Nani alimwambia fundi afute?"

"Waambie Kisyeri hakuwa mwizi."

"Hilo nimeshawaambia, hawalisikii. Nakuuliza habari ya mashine. Kuna mtu alikwenda Tarime, kuna mtu aliulizwa, kuna mtu alijibu. Ukinitajia, maneno yatakutoka wewe."

"Kisyeri hakuwa mwizi," Mwalimu Lilian akarudia.

"Na fundi je? Naweza kumpigia mimi."

"Namba yake sina."

"Shemeji."

"Nimemaliza, shemeji. Kunywa chai yako, gari la Tarime linaondoka saa nane."